Kifuo Changu Kimevaa Dumu

Jumatano. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika, kisha jua likatoka kali kama halijapata kuona mvua. Mkono wa kulia umechoka, lakini leo lazima niandike, kwenye simu, kwa kidole kimoja kama kawaida yangu.

Mie nafua nazi. Ndagoni nzima, mpaka ng'ambo, kisiwani Juani, uliza nani hodari wa kufua, utaletwa kwangu. Kifuo changu ni chuma kilichochimbiwa ardhini, ncha juu, urefu wa goti. Nazi naipiga mara mbili tatu, kumbi limetoka lote. Vijana wanapiga mpaka jasho na bado wanavutana nalo kwa vidole.

Tunafulia penye kivuli, kando ya bohari la mwenye shamba. Vifuo vyetu vinakaa palepale usiku na mchana, wazi. Kwetu kifuo kikifunikwa, maana yake mwenyewe amekufa, na wapitao humrehemu kwa dua. Ndivyo tulivyomfunikia marehemu kaka yangu.

Sasa juzi Mwanaidi, binti wa mwenye shamba, ambaye ndiye msimamizi wetu, alirudi kutoka semina ya usalama kazini. Akaleta madumu ya mafuta yaliyokatwa midomo. Akasema ni sheria: mtu akiondoka kwenye kifuo, hata akienda kusali, akivike dumu.

Wenzangu wote wakanitazama mimi. Nikamwambia, "Mwanangu, chuma changu hakivai kofia mpaka mimi nivae sanda."

Walicheka sana. Nilipenda walivyocheka. Hakuna aliyegusa dumu.

Leo adhuhuri tulikwenda kusali. Tuliporudi, makumbi yalikuwa yameloa, yanateleza kama mwani. Bakari, rafiki yangu tangu ujana, ana mtoto wa jicho upande mmoja. Akakatiza mbele yangu, akateleza. Nilimwona anakwenda chali, moja kwa moja kwenye kifuo changu.

Sikuwahi kumshika.

Ncha ilipita kati ya mkono na mbavu, ikachana kanzu kutoka kwapani mpaka kiunoni. Ngozi ilikwaruzika tu, alhamdulillahi. Alilala pale anatazama juu. Nikapiga magoti kando yake. Akanigeuzia lile jicho zima, akasema taratibu, "Saidi, nusura unifue."

Watu wakacheka kidogo, wakaacha.

Mwanaidi alikuja na dawa, akaniamkia shikamoo kama siku zote, akamsafisha Bakari jeraha. Nilingoja aniseme. Hakunisema. Afadhali angenitukana mbele za watu, ningepata cha kujibu.

Nikarudi kufua, na nikafua vibaya. Nazi moja naipiga kama mwanafunzi. Kichwani lilikuwa limekaa jambo moja: leo jioni tungemfunikia Bakari kifuo chake, kwa sababu mimi nilikataa kufunika changu.

Baada ya alasiri nikaenda boharini mwenyewe, nikaomba dumu. Mwanaidi akauliza, "Moja tu, babu?"

Nikamwambia alete yote.

Nikaanza na changu. Kisha nikapita safu nzima, kifuo kimoja kimoja, wala sikumwomba mtu ruhusa. Mkubwa wa safu ni mimi. Shabani, anayefulia pale mwisho, akanung'unika kwamba namtakia mauti. Nikamjibu, "Ninayemtakia mauti namwachia kifuo wazi." Akalikandamiza dumu lake likakaa sawa.

Sasa nipo nyumbani, na nakiri roho haijatulia. Kukiona chuma changu kimefunikwa ni kama kujiona nimelazwa. Lakini Bakari yuko kwake, mkewe anashona kanzu na kunilaani, na hiyo ni haki yake.

Asubuhi wapitao watadhani safu nzima tumekufa. Waturehemu tu, dua haipotei. Halafu wangoje kidogo, wasikie ninavyofua.