Vigelegele Vitano vya Gakindu

Baba Wangari wangu,

Nimekaa hapa mlangoni, chai imeshapoa, na leo lazima nikuandikie hata kama hakuna posta inayofika huko uliko. Niko na habari njema, lakini sikupi sasa hivi. Wewe ndiye ulikuwa unanichokoza kwamba nikianza hadithi nazunguka kijiji kizima kabla ya kufika. Basi kaa utulie. Safari hii huna pa kukimbilia.

Unakumbuka tulivyoonana mara ya kwanza? Nilikuwa nachuma kahawa ya Baba pale Gakindu, nikasikia watu wanapiga mayowe, "Mwizi! Mshike!" Kuinua kichwa, nikakuona wewe, askari polisi mzima wa Nyeri, umevaa kaptura na raba, unapanda kile kilima bila hata kuhema. Kumbe ulikuwa umekuja kwenu likizo na hukutaka kuacha mazoezi. Baba alikuzuia njiani na panga lake mkononi. "Nani anakufukuza?" Ukasema hakuna. "Na wewe unafukuza nani?" Ukasema hakuna. Akanigeukia, akasema kwa sauti ili na wewe usikie, "Huyu ni mgonjwa." Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa, na wewe ukaniangalia kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Ulipokuja na wazee wenu kuniposa, Baba hakuwa amesahau. Aliwakaribisha vizuri, akawapa uji, akawasikiliza. Halafu akasema msichana wake hawezi kulishwa mbio. Wakati huo ulikuwa umeshachaguliwa kwenda Ulaya kukimbia mita elfu moja na mia tano kwa jina la Kenya. Uhuru ulikuwa bado mpya, bendera tukiiona tunanyamaza. Lakini Baba hakutikiswa na bendera. Akasema, "Akirudi na medali nitajua ni kazi kama kazi nyingine, nitampa msichana. Akirudi mikono mitupu, aendelee kukimbia, na asipitie hapa tena." Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilitaka kutoka nimwambie nitaolewa na wewe hata ukirudi na kikohozi, lakini Baba ulimjua. Akishasema, amesema.

Siku ya fainali tulijaa kwa Gichuki mwenye duka, kwa sababu redio ilikuwa yake. Ilikuwa alasiri, siku ya soko, na wanawake waliacha viazi vyao chini bila mtu wa kuvilinda. Baba alikuja pia. Alijifanya amekuja kununua chumvi. Mtangazaji alikuwa anaongea haraka mpaka Kiswahili chake kinajikwaa, na jina lako halikutajwa kabisa, na mimi nikaanza kuona giza. Halafu kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia, tukaisikia kabisa kutoka huko Ulaya, na yule mtu akapiga kelele, "Ndirangu! Ndirangu wa Kenya anatangulia!"

Ngai, Mungu wangu! Mama yangu hakungoja. Alipiga kigelegele, akapiga cha pili, wanawake wote wakamfuata mpaka vikafika vitano, vile tunavyopiga mtoto wa kiume akizaliwa. Msichana angepata vitatu. Wakarudia tena. Gichuki alikuwa ameikumbatia redio, anapaza sauti, "Nyamazeni tusikie! Jamani, nyamazeni!" Nani angemsikia? Tuliponyamaza, redio ilikuwa imeshahamia kwa habari za mvua.

Hakuna aliyeuliza ulimaliza wa ngapi. Kwa nini tuulize, na mtu alikuwa mbele kengele ikilia? Ati gazeti? Gazeti la nini, na sisi tulisikia kwa masikio yetu wenyewe? Baba alisahau chumvi yake dukani. Alienda nyumbani akachinja kondoo dume, yule wa mafuta aliyekuwa amefungiwa ndani analishwa viazi vitamu, akaita wazee, na mbele yao wote akasema, "Ndirangu ni mkwe wangu." Nilikula ile nyama, Baba Wangari, na sijawahi kula tamu kama hiyo tena.

Basi ukarudi. Ulitembea kutoka barabarani na begi lako dogo, umevaa ile jezi ya Kenya, na wanawake wakakulaki kwa nyimbo. Uliniambia baadaye kwamba ulifikiri tunajua kila kitu, na kwamba Gakindu ina watu wenye roho nzuri kupita kiasi. Uliingia uani unatabasamu. Baba alikuwa amekuwekea kiti. Ndipo Gichuki, mdomo wake mrefu, akasema, "Haya, toa medali tuione!"

Nilikuona ukitafuta uso wangu katikati ya watu. Nilikuwa nimeshika kibuyu cha uji, nakuletea.

"Nilikuwa wa nne," ukasema. "Medali ni za watu watatu."

Hukuongeza neno. Hukusema ulisukumwa, hukusema ulikuwa na mafua, na kama ungesema tungekuamini, tulivyokuwa tunataka kuamini. Nikainamia kibuyu, nikauangalia ule uji. Nilijua kondoo ameliwa, wazee wameitwa, na Baba ameaibishwa mbele ya mji wake. Nilijua pia yale maneno yake ya kwanza. Nikasema moyoni, imekwisha.

Baba akasimama polepole. "Wa nne wa wapi?"

"Wa wote waliokuja, Mzee. Wa mataifa yote."

"Na hao watatu waliokupita, unawajua kwao?"

"Hapana, Mzee."

Baba akamgeukia Mama. "Wewe. Siku ile kwa Gichuki, ulipiga vingapi?"

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Vitano."

"Vitano ni vya nani?"

"Vya mtoto wa kiume."

"Basi," Baba akasema, akikaa, "kelele tulipiga sisi, yeye hakutuomba. Mtoto alizaliwa kwa Gichuki na kila mtu alisikia. Mnataka nimrudishe wapi?" Halafu akanikaripia mimi, "Na wewe, huo uji ni wa kuangaliwa? Mpe mtu anywe!" Nilikupa kile kibuyu huku machozi yananitoka mbele ya watu wote, sikujali.

Tumeishi vizuri, mume wangu. Tuligombana, ndiyo, wewe na hiyo tabia yako ya kukausha soksi juu ya chakula changu. Lakini jioni nyingi ulinihadithia ule mnyoosho wa mwisho kabla ya utepe, jinsi walivyokupita wawili, na yule wa tatu akakushinda kwa kifua tu, na mimi kila mara nilikasirikia yule wa tatu kana kwamba ni jirani. Wewe ulicheka. "Ningejua mnanipigia vigelegele ningeongeza mwendo," ulisema. Hata vijana uliowafundisha uwanjani Ruring'u uliwaambia wewe ni wa nne duniani, na ulivyosema hivyo, walidhani hakuna nafasi iliyo kubwa zaidi.

Tangu utuache mwaka juzi nyumba imekuwa kimya, sikufichi. Siumwi, silali njaa, kahawa imezaa. Ni kimya tu. Na kulikuwa na jambo moja nilikuwa nalingoja. Wangari wetu alipojifungua mvulana wa kwanza, jina lilienda kwa baba ya mume wake, ndiyo desturi yetu, nikameza mate. Akafuata msichana. Nikangoja. Kila nikisali nilimkumbusha Mungu kwamba jina la mvulana wa pili ni lako.

Sasa habari yenyewe. Juzi nilienda kwao Kiriaini. Mkwe wetu alinipokea langoni anacheka bila kusema kitu, na mimi nikajua. Sikungoja kufika mlangoni. Niliweka kikapu chini katikati ya ua, nikapiga kimoja, cha pili, cha tatu, na wanawake wa pale wakatoka jikoni kunisaidia vile viwili vilivyobaki. Tukarudia tena, na tena, mimi na uzee wangu huu, mpaka Wangari akaita kutoka kitandani, "Mami, nyamaza kidogo umsikie!"

Nikanyamaza, Baba Wangari. Ndirangu alikuwa analia, kwa nguvu, bila kukata pumzi. Nilisimama pale pale uani, kimya, nikamsikiliza mpaka mwisho.

Pumzika, mume wangu. Mimi niko sawa.

Ni mimi wako,
Mama Wangari