Golikipa Aliyepisha

Kaka Seifu, Lamu nimefika salama, na tayari nina timu ya kuniumiza roho. Mwenyeji wangu, Bwana Athumani, kasema anayekula mkate wa mofa nyumbani kwake ni mtu wa mtaa wa Mkomani. Basi nimekuwa.

Mechi ya kwanza baada ya Idi tulicheza na mtaa wa Langoni. Mtu wao alipokaribia goli letu, wenzake wakapaza sauti, "Ndia! Ndia!" Huku njia ni ndia, na wenye punda wa mizigo hupiga kelele hivyo vichochoroni ili watu wapishe. Golikipa wetu akapisha! Nikamwuliza, "Ulimpisha nani?" Akainamisha kichwa: "Maguu yamezowea, bwana."

Jana tukarudiana. Tulipiga kelele "Ndia!" hadi koo zikakauka, golikipa wao hakusogea hata kidogo. Tukafungwa tena. Ana miguu gani huyu? Nikamfuata. Kumbe Mwunguja mwenzetu! "Hiyo ndia ndiyo nini?" akaniuliza.

Nikamwambia ni adabu ya Lamu: ukiisikia, unasogea kando.

Nibusie mkono wa Mama. Mwambie Ijumaa tunacheza tena, amwombee kijana wa watu ashike adabu.

Nduguyo, Saidi