Wamiliki Arobaini Walioridhika

Migori,
Jumanne, 24 Juni.

Kwa kaka yangu mpendwa Levis,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, dada yako. Natumai wewe, wifi Priscilla na mama hapo Rusinga mmeamka salama, na kwamba goti la mama limetulia tangu mvua zipungue. Ukiuliza hali yangu, mwili ni mzima, lakini nina hofu iliyoninyima chakula tangu Jumapili. Unanijua: mimi kushindwa kumaliza ugali ni jambo la kuitishiwa kikao cha ukoo.

Utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Nimempa Paul, aliyeleta dagaa wa omena sokoni leo, aiweke mkononi mwako mwenyewe. Nakuomba jambo moja kabla hujaendelea: usiliwashe lile gari. Alhamisi unataka kwenda Asumbi kumchukua Dorine kwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Panda gari la abiria, au mwache tu shuleni, nitamfuata mimi. Lakini usimweke mtoto ndani ya gari hilo.

Najua jana nilikupigia mara nne nikikuambia hayo hayo, ukacheka. Ulisema nina wivu, kwamba tangu ununue Kipanga, kama vijana wanavyoyaita magari yale ya kasi kwa sababu ya bawa la nyuma, watu wa nyumbani hawaniulizii tena. Kisha ukaniuliza kama sijaliona bango la yadi yetu ya magari, tawi la Homa Bay, linalosema kwamba wamiliki arobaini waliokaa na Kipanga miaka mitatu wameulizwa, na wote arobaini wameridhika. Nimeliona, kaka. Orodha ya hao arobaini niliiandika mimi.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Kazi yangu hapa yadini ni kuwapigia simu watu walionunua magari kwetu zamani, niwaulize kama bado wanayafurahia na kama tunawahudumia vizuri wanapoyarudisha kwa fundi. Sasa, wewe unajua watu wetu. Mtu ukimuuliza habari, hata akiwa kitandani na malaria, atakujibu nzuri kwanza. Nami nilianza na salamu kama mama alivyotufunza: naulizia watoto, naulizia shamba, halafu naulizia gari, na gari likajibiwa pamoja na hao wengine kwamba iko sawa tu, madam. Mwalimu mmoja wa Awendo alinijibu hivyo, na siku nilipopita kwake nikakuta Kipanga liko juu ya mawe, kuku ametaga kwenye kiti cha nyuma. Nilipomuuliza mbona hakuniambia, alisema majirani walikuwa wamesimama hapo alipopokea simu, na mtu mzima hawezi kukiri mbele ya majirani kwamba gari limemshinda. Nilicheka njia nzima. Kwenye fomu niliacha vile vile, ameridhika.

Mmoja tu ndiye aliyekataa kunijibu sawa. Alikuwa mzee Maroa, mkulima wa tumbaku upande wa Kuria. Huyo hakungoja nimalize salamu. Alisema gari likishapata moto kwa safari ndefu, usukani unakwama kwenye kona ya kushoto, kama ng'ombe aliyekataa jembe. Alikuwa amelirudisha kwetu mara mbili, na mara zote mbili likaoshwa, likang'arishwa magurudumu, akarudishiwa. Akaniomba, tena kwa upole, nimwambie mkubwa wangu.

Nilimwambia. Bwana Mosoti alijibu kwamba mtu aliyezoea mkokoteni hawezi kulielewa gari la kasi, kwamba bango lilikuwa tayari kwa mchoraji, na kwamba arobaini ni arobaini, si thelathini na tisa. Waliosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, hawakukosea. Sisi tulikuwa tunakitembeza kwa bango la rangi tatu. Akaongeza kuwa tawi la Homa Bay lingehitaji msimamizi, na angependa awe mtu wa huko huko. Nikafikiria jinsi ningekuwa karibu na mama. Nikaandika: Maroa, ameridhika sana. Hilo neno sana hakuna aliyeniambia niliongeze.

Mwezi wa Februari dhamiri ilinisumbua, nikampigia tena mzee yule. Simu ilipokelewa na mkewe, Phelesia. Aliniambia, bila kulia, kwamba mzee hayupo. Ilikuwa mchana, barabara kavu, anarudi kutoka safari ya mbali, na kwenye kona ya kushoto gari likaenda moja kwa moja hadi mtini. Akaniuliza kama mimi ndiye yule madam aliyeahidi kulisema neno lake kwa wakubwa. Nikasema ndiye mimi. Akanishukuru kwa kumkumbuka mume wake. Kaka, alinishukuru!

Sasa nakusikia ukisema kwamba hilo lilikuwa gari la Maroa, lake la buluu, na lako ni jeupe na halijakusumbua hata siku moja. Hapa ndipo simu ilinishinda jana, na hapa ndipo kalamu inataka kunishinda leo. Levis, hilo ni gari moja. Baada ya ajali lililetwa yadini, likanyoshwa, likapakwa rangi, likapelekwa Homa Bay kuuzwa kama gari la mmiliki mmoja mwangalifu. Ndiyo maana kila ukiulizia logibuku, hati yenye jina la mwenye gari, unaambiwa inashughulikiwa. Halijakusumbua kwa sababu tangu Mei unakwenda nalo Mbita na kurudi, na huo si mwendo wa kulipasha moto. Asumbi ni mbali.

Na mimi nilijua. Siku uliyokuja na mama kulichukua, nilitoka Migori mapema nilisafishe kwa mikono yangu, kwa ajili yako. Chini ya kiti cha dereva nikaikuta kadi ya Maroa ya kuuzia tumbaku. Nilipoinua kichwa nikamwona mama ameweka mkono juu ya boneti, analiombea, na wewe pembeni unacheka kama siku ulipofaulu mtihani wa darasa la nane. Nilitia kadi mfukoni, nikakupa funguo. Nilijifariji kwamba lazima usukani ulibadilishwa, maana nani angeuza gari lililoua mtu bila kurekebisha kilichomuua? Jumapili nikampata Dahir, anayetuuzia vipuri, nikamuuliza. Alisema yadi ilichukua kwake boneti, taa mbili na kioo. Cha usukani hakuna aliyekiulizia.

Kesho nitakwenda kwa Phelesia kumweleza yote, kisha twende naye polisi kama atakubali kutembea na mtu kama mimi. Kazi najua imekwisha, na huenda nikalala ndani. Hilo silo ninaloliogopa. Naogopa kwamba utaikunja barua hii katikati, useme Scovia anapenda kuvikuza vitu, uchukue funguo. Kwa hiyo kadi yenyewe nimeitia ndani ya bahasha. Ina picha. Itazame, kaka, huyo ndiye aliyekaa kwenye kiti hicho kabla yako.

Nisalimie sana wifi Priscilla, na umwambie nguo ya Dorine iko tayari kwa fundi. Mama usimweleze chochote mpaka nije nimwambie mwenyewe, maana alipoweka mkono wake pale nilikuwa namtazama. Msamaha sikuombi kwa leo. Ukimaliza kusoma nipigie, hata kama ni kwa kunitukana, ili mradi niisikie sauti yako.

Ni mimi dada yako,
Scovia.