Nelima wa Sura ya Tisa

Nyalenda,
Kisumu.
16 Agosti 1971

Mpendwa Dada Agneta,

Pokea salamu zetu sote. Mwaonaje hali huko Mombasa? Baba Rosa na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, na mimi hasa. Nasikia kaka Shitanda alikupelekea telegramu mbili: ya kwanza nimekufa, ya pili sijafa. Pole kwa machozi. Aliyeniua ni mume wangu Wakhisi, kwa kalamu.

Unajua mwalimu huyu anajisomea mtihani nyumbani. Amepewa vitabu vya Mwingereza mmoja wa zamani, mtunzi wa hadithi na mashairi ya watu wa mashambani. Humo kila mwema huishia kaburini, hata ng'ombe hawana bahati. Wakhisi alisoma, akalia, akaamua kuandika chake. Mhusika ni muuza nyanya wa soko la Kibuye aitwaye Nelima, kama mimi. Sura ya tisa akazama ziwani.

Alhamisi alimsomea mwalimu mwenzake Zadock sura hiyo, kwa sauti ya matanga: "Nelima wangu, ziwa limekuchukua!" Jirani yetu Beldina akasikia dirishani. Hakuuliza. Alikimbia stendi, akampa habari dereva wa basi liendalo kwetu.

Jumamosi naanua nguo, nasikia vilio. Mama na jamaa kumi na wawili, na kuni, na jogoo! Mama aliponiona alikaa chini puu.

"Kama ni wewe, kohoa."

Nikakohoa, kisha nikamweleza kuwa aliyezama ni Nelima wa kitabuni.

Unajua mama haingii kwa mkwewe, wala hamtazami. Alisimama uani, akaupa mlango mgongo. "Mwambieni mwalimu anirudishie mtoto, hata humo kitabuni."

Wakhisi akajibu kutoka ndani, "Mwambieni mama, kitabu cha namna hii, mwema lazima afe. Yule Mwingereza alifanya hivyo."

"Mwambieni, yule Mwingereza hakuwa na mama mkwe kama mimi."

Kalamu ikashikwa. Kitabuni wavuvi wakaniopoa, akazama mume. Mama aliposomewa alisema, "Sasa ni kitabu," akaamuru jogoo achinjwe.

Kurasa za zamani niliambiwa nichome. Nikazisoma kwanza. Humo mume ndiye amekaa ufukweni siku tatu, hali, hanywi, anasema nyumba isiyo na kicheko changu ni ghala tu. Dada, miaka tisa ya ndoa, neno tamu pekee aliloniambia ni "chumvi imetosha."

Sikuzichoma. Usimwambie mtu.

Nisalimie Baba Rosa, Rosa mwenyewe na mama Metrine wa kanisani kwenu. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Nelima