Redio Ipe Waya Wake

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mlali tu wazima, ila goti linamsumbua bibi yako na bado anang'ang'ania kupalilia nyanya.

Unauliza kama wewe fundi umkubalie nahodha anayetaka kipima kina cha maji, ramani ya skrini na redio ya boti vyote vitumie waya mmoja wa umeme.

Kiwanda chetu cha nguo kilipouzwa, mimi nilikuwa fundi umeme. Tajiri mpya akasema tubane matumizi, nikaiunga kengele ya hatari kwenye waya wa mashine. Kila Jumatatu tuliijaribu, ikalia vizuri. Hatukuijaribu hata siku moja umeme ukiwa umekatika.

Waya ule ukaungua. Mashine zikazima, taa zikazima, moshi ukajaa chumba cha rangi alimokuwa Kobelo, rafiki yangu wa Kinole. Sisi nje hatukusikia kitu. Tulipomfikia, kidole chake kilikuwa bado kwenye kitufe cha kengele. Mengine niyaache.

Redio ipe waya wake na betri yake, nahodha anune akitaka. Ukimaliza, zima kila kitu kingine botini, halafu uite bandarini kwa redio hiyo.

Ukijibiwa, niandikie.

Babu yako