Maneno ya Baba kwa Kiswahili

Jumapili, 9 Juni 2024

Darasa la Biblia. Chepkemboi kauliza: Yesu alifundisha kwa Kiaramu, watu wakaandika kwa Kigiriki miaka mingi baadaye – tutajuaje ni maneno yake? Nikajibu haraka haraka: mashahidi walikuwa wengi, na wakakubaliana. Akaridhika. Mwalimu hodari mimi! Nimefika nyumbani nikamkumbuka marehemu Baba, nikaogopa.

Jumatano, 12 Juni

Mvua tangu asubuhi. Kipkurui, kaka yangu, hataki dada yetu Janeffer achume majani chai ya Baba. Ati ameolewa, arudi kwa mumewe. Yule anayempiga! Wazee wa ukoo watakaa Ijumaa. Wataamua kwa maneno ya mwisho ya Baba. Kwetu neno la mzazi anayekufa haliguswi. Ukiliongezea, laana ni yako.

Kule hospitali Kapkatet nilikuwa naye peke yangu. Alisema kwa Kipsigis, pumzi fupi fupi. Alimtaja Janeffer – hilo nina hakika. Nikatoka nje nikamwambia jirani yetu Molly, kwa Kiswahili maana yeye ni Mjaluo: Baba amesema Janeffer asifukuzwe, shamba la chini ni lake. Nililia nikisema. Matangani nikasema tena, na tena, kila mara vizuri zaidi. Ulimi hauna mfupa.

Ijumaa, 14 Juni

Molly alisimama. Shangazi Sellah. Pasta. Neno moja, wote! Mzee Johana akagonga fimbo: "Watu tatu, maneno ni moja. Hiyo ni ukweli." Shamba la chini ni la Janeffer. Kipkurui hakuinua kichwa.

Hakuna aliyewauliza walisikia kwa nani. Wote walisikia kwangu. Mimi niliulizwa tu, ni hivyo? Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 15 Juni

Janeffer yuko jikoni, kikapu cha majani bado mgongoni. Nilidhani amekuja kushukuru. Anasema yeye na Baba walikosana, Baba akafa kabla hawajapatana, anataka kumsikia. Nimwambie vile alisema, kwa Kipsigis, si hii ya Molly.

Nimesema natafuta leso. Niko chumbani, naandika, labda kalamu itayaleta. Kiswahili kinakuja chote, laini kama mahubiri. Kwa Kipsigis nasikia pumzi yake, halafu jina la Janeffer. Baada ya jina hakuna kitu. Mungu wangu, hakuna kitu!

Ananiita. Mara ya pili sasa.