Papa Théogène, Uliyezikata Riwaya Ili Zitufikie Sote

Waliokuwapo nyumbani Keshero Jumapili iliyopita: Mama Mukakalisa, mjane wako, Jephté, mwanao, pamoja na Héritière, mkewe, Papa Kitwana, dereva wa lori, rafiki yako wa tangu zamani, na mimi Umutesi, binti yako wa kwanza, ninayeandika haya kwa niaba ya wote. Majirani walikuja baada ya ibada, wakaketi nje juu ya mawe, kwa kuwa viti havikutosha.

Mwaka umetimia, Papa Théogène Habarurema, tangu ulipofunga macho katika chumba cha mbele. Homa ya mapafu ilikuwa imekumaliza nguvu, na njia ya kwenda hospitali haikupitika kwa sababu ya vita. Tulikuzika kwa haraka, kama wengi walivyozikwa majuma yale, bila hotuba na bila wimbo wa pili. Maneno ambayo hayakusemwa kaburini tunayasema leo.

Ulikuwa mshonaji. Nusu ya watoto waliokwenda shule kutoka mtaa wa Birere walivaa sare zilizopita chini ya sindano yako. Ndani ya kila suruali uliacha pindo refu, ili mwaka unaofuata mama wa mtoto aliteremshe tu, asinunue nyingine. Hukulitaja jambo hilo. Akina mama waligundua wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake, wakarudi kukushukuru, nawe ukajifanya unatafuta mkasi.

Ulipenda chai yenye tangawizi nyingi. Ulipiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo. Na ulisoma riwaya, tena kwa raha yako tu, si kwa mtihani wala kwa sifa. Hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipokupoteza zaidi.

Tangu mlipokikimbia kijiji cha Kibumba kwa vita ya awali, masikio ya Mama hayakupumzika. Mlango ukigongwa, moyo wake ulikwenda mbio. Bati likilia kwa jua, alisimama. Aliketi ukingoni mwa kiti, kama mgeni anayetaka kuaga. Muuguzi alimpima, akasema damu iko sawa, ni wasiwasi, apumzike. Ukamuuliza apumzike wapi.

Kisha Papa Kitwana akarudi kutoka safari ya Dar es Salaam na riwaya nene aliyoinunua kando ya barabara. Ulisimamisha cherehani alasiri, ukaanza kumsomea Mama. Alilalamika kwamba watu wa huko wanasema Kiswahili kama wanaimba. Ukaendelea. Kufikia sura ya pili alikuwa ameegemea kiti. Wote nyumbani tuliuona mgongo wake ukilala pale, na Héritière akatoka nje kulia.

"Papa Umutesi, ule mwanaume atamuoa kweli?" Mama aliuliza ulipofunga kitabu.

"Kesho."

"Kesho ya nini? Soma kidogo tu!"

"Kesho, Mama Umutesi. Mutu mwenye iko nangojea kitu, leo haimutishe sana."

Mara nyingine alikuuliza kwa nini mjitie hofu ya watu ambao hawakuzaliwa, wakati ya kwenu inatosha. Jibu lako tunalikumbuka neno kwa neno: "Woga yetu hatujue itaishia wapi. Ya hawa batu iko na ukurasa ya mwisho. Tuanze na ya kwao."

Kitabu kilikuwa kimoja, na wenye njaa yake wakawa wengi. Jephté alikitaka, mimi nilikitaka, majirani walikitaka. Siku moja ukachukua wembe ukakigawa katika sehemu, na kila sehemu ukaishona kwa uzi mzito, ukaivika jalada la kipande cha nguo kilichobaki mezani. Papa Kitwana aliingia ukiwa katikati ya kazi.

"Muzee! Unachinja kitabu?"

"Nakata. Hata suruali inakatwaka mbele ya kushonwa."

Tangu siku ile kila riwaya ilikuwa na rangi yake. Nyingine ilivaa buluu ya sare, nyingine kitenge chenye ndege, nyingine kaki. Aliyemaliza sehemu ya kwanza alimpa jirani, akapokea ya pili. Sheria ilikuwa moja tu: aliye mbele asimsimulie aliye nyuma. Wateja waliongoja suruali zao walisoma wakiwa wamesimama, na wengine suruali zikiisha walikataa kuondoka. Uliwaambia kwa upole, "Nenda nayo, rudisha kesho," na walirudisha. Mama mmoja muuza samaki alikuambia kwamba tangu aanze kusoma hasagi tena meno usingizini. Ulifurahi kuliko kama ungelipwa.

Mwaka jana vita ilipofika mjini, ulisoma mchana kutwa. Mimi hufundisha watoto shuleni kuinua sauti ili wasikike. Wewe ulifanya kinyume. Mizinga ilipolia hukushindana nayo. Ulishusha sauti, nasi ikatubidi tukusogelee, mpaka tukawa duara dogo lililogusana magoti. Hatukusikia kila kitu cha nje. Hilo halikuondoa vita, Papa. Lilituwezesha kukaa ndani yake bila kupoteza akili.

Riwaya ya siku zile ilivaa kijani. Ilihusu dada wawili wenye nyumba ya wageni kando ya stesheni ya treni. Waligombana kwa sababu mkubwa alitaka kuiuza nyumba bila kumwambia mdogo. Sehemu ya tatu ilipoisha, mdogo alikuwa amesimama na sanduku lake, treni ikiingia, na mkubwa anakuja mbio akiwa hana hata viatu.

Homa ilikuwa tayari kifuani mwako. Ulisoma mistari ile ukipumzika kila baada ya maneno machache.

"Alipanda?" Mama aliuliza.

"Kesho," ulisema.

Sote tunajua kesho ile ilileta nini.

Sasa tukuambie tulichofanya, kwa kuwa tulikifanya kwa upendo na kikaharibika. Kilio kilipoisha, tuligawa vitu vyako kama desturi inavyotaka. Koti lilikwenda kwa Jephté, mkasi mkubwa kwa mwanafunzi wako wa kazi, redio kwa mchungaji. Tulipofika kwenye riwaya, tulitazama rangi zile na hatukuona vitabu. Tuliona mikono yako. Kila mtu alitaka buluu, kila mtu alitaka kitenge cha ndege. Basi tukatoa kwa haki, sehemu za kila rangi tukazitawanya kwa jamaa na majirani, ili kila mmoja abaki na kitu cha mikono yako. Watu walivibusu vipande vile, wakavipeleka nyumbani, wakaviweka kabatini pamoja na picha zako. Hivyo kila nyumba ikapata kumbukumbu, na hakuna nyumba iliyobaki na hadithi.

Mama alituona tukigawa. Hakutuzuia. Alitueleza Jumapili iliyopita kwamba aliona haya; mjane hawezi kuacha kilio akaomba riwaya. Watu wangesema nini? Basi alipokea kipande chake cha kijani, ambacho kilikuwa sehemu ya kwanza aliyokwisha kuisikia, akashukuru.

Mwaka mzima tulimwona akirudi ukingoni mwa kiti. Mfuko wa nguo, ule wa kukimbia nao, ukarudi karibu na mlango. Chakula kikarudi jikoni kama kilivyotoka. Tulidhani ni majonzi peke yake, tukamletea tuliyokuwa nayo: maombi, dawa, wajukuu. Alivipokea vyote kwa adabu, na usiku haukumpa usingizi. Jephté alifikiri hatamaliza mwaka wa pili. Aliniambia mimi tu, naye akasema kwa kunong'ona.

Jumapili iliyopita, baada ya sala, Héritière alimwekea vidonge vipya mezani. Mama akavisukuma polepole.

"Batoto yangu, siko nataka dawa. Nataka kujua kama ule binti alipanda treni."

Tulitazamana. Baadhi yetu hatukuelewa. Papa Kitwana alielewa kabla ya wote, akaruka kitini.

"Ya kijani? Sehemu ya ine? Mama, iko kwangu! Iko mu kabine ya lori, mwaka muzima natembea nayo! Nimesoma mara mbili. Sikujua mwanzo, lakini mwisho najua. Ule binti, mama yangu, ule binti—"

"Kitwana! Funga kinywa!"

"Neno moja tu, mama, uko nateseka."

"Hata nusu! Ukisema, chai yangu yote uliyokunywa mu hii nyumba utairudisha!"

"Yote? Ya miaka yote?"

"Na sukari yake!"

Majirani waliokuwa nje wakacheka, kisha sisi, kisha Mama mwenyewe akaficha uso kwa kitenge. Tulikuwa hatujakisikia kicheko chake tangu ulipoondoka, na tulipokisikia tulikulilia upya, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukikitafuta kila alasiri.

Papa Kitwana alitoka, akarudi na kipande. Jalada lilikuwa limepata alama ya mafuta ya injini. Akakiweka kwa mikono miwili mapajani mwa Mama, kama mtu anayerudisha mtoto. Ndipo likaja swali ambalo hakuna aliyelipenda: nani asome?

Jephté alijitolea. Mama akatikisa kichwa. "Wewe unasoma kama mutu wa pikipiki. Kila kona unaruka."

"Basi yaya Umutesi, dada yangu mukubwa. Yeye ni mwalimu."

"Umutesi atatufanyia dikte, imla ya shule. Kila neno mara tatu, na nukta ya mwisho anaitaja."

Sikuwa na la kujitetea, Papa. Wanafunzi wangu wangemuunga mkono.

Sauti iliyostahili haikuwapo, na kila mtu aliijua ni ipi. Mama alipitisha kidole juu ya mshono wako, taratibu, tangu juu hadi chini. Aliacha shule darasa la nne, huko Kibumba. Barua zote zilizoingia nyumba hii ulimsomea wewe. Hatujawahi kumsikia akisoma mbele ya watu, hata zaburi. Alifungua ukurasa, midomo ikasogea bila sauti, akasimama, akarudi nyuma, akaanza tena. Tulingoja. Alipofunga, alikuwa ameegemea kiti, na alikuwa amefikia uamuzi.

Tunaokulilia na tutakaozidi kukulilia ni mkeo Mukakalisa, watoto wako Umutesi na Jephté, mkweo Héritière, wajukuu wako, rafiki yako Kitwana na nyumba yake, na wateja wako wa Birere. Hakuna mwaka utakaokufuta kwetu.

Kwa hao wote, Mama ametuagiza kutangaza yafuatayo. Kila aliyechukua kipande cha riwaya tulipogawa vitu vya Papa anaombwa akirudishe Keshero, vipande vya rangi moja vikae pamoja. Visishonwe kuwa kitabu kimoja tena, vibaki vya kupitishwa mkono kwa mkono. Anayejua mwisho wa hadithi ya dada wawili anyamaze. Na kuanzia Jumapili ijayo, saa kumi alasiri, sehemu ya nne itasomwa kwa sauti nyumbani kwetu. Atasoma Mama mwenyewe. Atasoma polepole, na pengine patakuwa na maneno yatakayomshinda. Anaomba asisahihishwe na mtu yeyote.